Meno ya Njumu

Wengine wanahesabu mabao yake.
Mimi nahesabu soli.

Kibanda changu kiko Birere, ubavuni mwa duka la simenti.
Kanyere alikuja hapo ana miaka tisa,
kiatu kimoja mkononi, cha kushoto.
Kiko wapi cha pili? nikauliza.
"Kaka anapigia kulia. Tumegawana."

Miaka ikapita, watangazaji wa redio wakasema
ule mguu wa kushoto alizaliwa nao.
Hakuzaliwa nao.
Ni mgao.

Nyinyi wa mbali, mnaocheza juu ya majani,
hamjui uwanja wa Majengo.
Pale hakuna udongo. Pale pana mlima
ulioshuka ukiwa uji, ukapoa barabarani,
na jiwe lile halikwaruzi, linatafuna.
Soli ya mwezi ilikwisha kwa wiki.
Nilimkatia viraka kutoka mpira wa gurudumu
la chukudu ya baba yake,
ile iliyovunjika na magunia ya viazi mteremkoni Sake,
nikashona kwa uzi wa nyavu uliopakwa nta.

Alipochukuliwa na Radi ya Ndosho
akapewa njumu za kwanza za dukani, namba arobaini na mbili.
Mguu wake thelathini na nane.
Tukajaza karatasi za kampeni,
uso wa mgombea mmoja chini ya kila kisigino,
na msimu ule wote aliwakanyaga
bila kuegemea chama.

Soli haijui kusema uongo.
Ya kwake ililika upande wa kidole cha mwisho,
maana yake anageuka kabla mpira haujafika.
Kocha wake hakuliona hilo. Mabeki hawakuliona.
Jumamosi moja akaja bwana mwenye kofia safi,
akaweka noti juu ya sanduku langu la misumari:
Fundi, huyu msichana anategemea mguu gani?
Nikazikunja noti taratibu.
Kulia, nikamwambia. Mzibeni kulia.
Kesho yake alifunga matatu.
Noti zile nilinunulia gundi.

Halafu fainali, Lubumbashi, dakika ya themanini na nane.
Mnaijua, sitairudia.
Ninachokijua mimi ni siku kombe lilipopita Birere juu ya pikapu,
vuvuzela, vumbi, mama wa mboga wakitupa vitenge njiani,
na yeye, badala ya kuinua kombe,
akashika ubavu wa gari, akainua mguu,
akanionyesha soli.
Uzi wangu ulikuwa umeshika.
(Primu waliyoahidiwa haijafika hadi leo.
Andikeni na hilo.)

Akaenda ng'ambo, miaka mitatu.
Kule kampuni humpa njumu mpya kila mwezi,
kuukuu hutupwa.
Redio ikaniambia mabao, ishirini na moja, thelathini,
lakini redio haijui vidole.
Sikujua kama bado anageuka mapema.
Sikujua kama anaumwa.

Alirudi mwezi wa mvua, goti limefungwa bandeji,
hakukuwa na pikapu.
Akakaa kwenye kigoda cha wateja,
akatoa mfukoni njumu za fainali.
Nikachukua sindano.
"Hapana," akasema. "Ng'oa meno.
Nataka kutembea nazo sokoni."

Nikamtazama. Alikuwa anatazama magari.

Yalikuwa kumi na mawili.
La kwanza lilinishinda hadi nikalipasha moto.
Mengine yalitoka moja moja, yakidondoka ndani ya kopo,
naye akiyahesabu kwa sauti ya chini
kama mtu anayekagua chenji.
La kumi na mbili, kiatu cha kushoto, upande wa kidole cha mwisho,
lilikataa. Koleo liliteleza, likateleza tena.
"Liache," akasema.

Siku hizi nikiwa nimeinama kazini
sihitaji kuinua macho.
Mguu wa kulia, kimya.
Mguu wa kushoto, ti,
juu ya jiwe.